Mtu kanichorea gita langu la besi kwa maka peni. KWA MAKA PENI.

Kidole_Uchi (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Mnamjua. Simtaji, maana akitajwa anafurahi. Ni yule yule wa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kila bendi aliyopitia imesambaratika, na kila ukimuuliza anasema "hawakuwa wa kiwango changu". Aliyewahi kumwambia mpiga dramu apige "kwa rangi ya bluu". Huyo huyo, mshaelewa.

Leo mazoezini nimetoka nje kupokea simu. Besi nimeiacha kwenye stendi yake, imetulia, haina ugomvi na mtu. Narudi namkuta kaipakata, kofia ya maka peni kaing'ata menoni, anachora mistari kwenye ubao wa vidole. Ubao wa besi ISIYO NA FRETI, vile vyuma vinavyokatiza ubao wa gita. Anapuliza wino ukauke, ananitazama juu ya miwani, anasema kwa sauti ya mlezi: "Nimekusaidia. Sasa hutapotea tena."

SASA HUTAPOTEA TENA. Mbele ya bendi nzima. Na mwimbaji akapiga makofi!

Hiyo besi mnajua nilivyoitafuta? Nimezunguka mpaka wauzaji wakadhani mimi mkaguzi wa serikali. Kuna moja mwenyewe aling'oa freti kwa koleo, mbao zimebanduka kando ya kila mfereji na mifereji yenyewe kaiacha wazi. Jamani, freti zimekaa kama kabari. Ukizing'oa usijaze nafasi zake, shingo inalegea, nyuzi zikivuta inakunja mgongo. Nyingine ilikuwa na handaki chini ya uzi wa G, mtu kapiga nyuzi za raundi (zile za waya mviringo, zinakwaruza) juu ya mbao tupu za rozwudi miaka nenda miaka rudi. Muuzaji ananiambia "hiyo ndiyo ladha yake". Ladha!

Mpaka nikaipata hii. Bei ya mtu wa kawaida, pikapu (vinasa sauti) za kawaida sana, vikazio vya nyuzi vinalalamika kidogo, sikujali. Besi ya bei nafuu unanunua shingo na ubao, mengine yote utabadilisha siku hela ikipatikana. Nikafumba jicho moja nikaichungulia shingo toka kiwiliwilini mpaka kichwani. Nikabonyeza uzi mwanzo na mwisho wa ubao, katikati nikaona upenyo mwembamba tu. Nikapiga kila noti nikisikiliza wapi inakufa. Haikufa popote, kote ile sauti ya kuimba, mwaaa yenyewe. Ubao safi, hauna hata mstari mmoja. HAUKUWA na hata mstari mmoja.

Nikaweka nyuzi za flati, zile laini za waya bapa, ili nisiuchubue. Kila nikimaliza kupiga nafuta nyuzi na ubao kwa kitambaa kikavu. Mafuta naupaka kidogo tu pale mbao zikikauka, sio kuogesha. Vibrato nafanya kwa kuviringisha kidole kwa urefu wa uzi, sivuti pembeni kama wapiga solo, kwa sababu kuvuta pembeni ndiko kunakochimba mbao. Mtoto wa mtu hatunzwi hivi.

Halafu anakuja mtu na maka peni.

Sasa subirini, kibaya bado. Mistari yenyewe KAKOSEA. Kwenye gita lenye freti kidole kinakaa nyuma ya chuma, maana chuma ndicho kinachokata urefu wa uzi. Kwenye hii hakuna chuma, kidole chenyewe ndicho freti, lazima kikae pale pale ambapo chuma kingekuwa. Bwana mkubwa kachora katikati ya nafasi, pale yeye anapozoea kuweka kidole kwenye gita lake. Besi ya uzi wa inchi 34, semitoni (nusu toni) ya kwanza iko milimita 48 na nusu toka kichwani. Mstari wake uko kwenye 24. Hiyo ni robo toni, wakuu! Nikimfuata, kila noti naanza nayo shimoni. Na ubavuni mwa shingo vidoti vya kuonyesha noti vipo, viko mahali pake sawasawa, ukigusa hamoniki ya 12 (ile sauti ya kengele katikati ya uzi) inalia juu ya kidoti kabisa. Hakuviona. Miwani ya jua.

Kwa hiyo huyu ambaye hajui noti inakaa wapi ndiye ananiambia mimi sasa sitapotea tena. Nilipotelea wapi? Nani alinitafuta?

Nimemaliza. Sijamaliza. Kapuliza wino ukauke, wakuu. KAPULIZA.

Solo_Kavu

Nimecheka mpaka nimemwaga maji kwenye kibodi. Ila tuwe wakweli mkuu, kabla ya mistari ulikuwa hupotei? Ile rekodi uliyotupia humu mwezi uliopita tuliisikia wote. Jamaa kafanya huduma ya jamii.

Kidole_Uchi

Ile rekodi kinanda ndicho kilichoshuka sauti.

Kinanda_Kimya

Kinanda cha umeme kinashukaje sauti chenyewe, kaka? Nifafanulie taratibu, nina kalamu na daftari.

Solo_Kavu

Huyo ana maka peni pia, mwangalie.

Fundi_Shingo

Pole mkuu. Achana na hawa. Ubao ni rozwudi tupu au umepakwa kitu juu?

Kidole_Uchi

Tupu. Wino umeshuka mpaka kwenye vinyweleo vya mbao.

Fundi_Shingo

Basi usikimbilie msasa. Chukua spiriti kidogo kwenye kitambaa cheupe cha pamba, kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe. Sugua kufuata urefu wa mbao, badilisha upande wa kitambaa kila ukiona weusi, vinginevyo unausambaza ule ule. Spiriti isifike kwenye rangi ya kiwiliwili, kuna vanishi inayeyuka. Wino wote hautatoka, nakwambia kabisa. Ukimaliza mbao zitakuwa zimekauka, pitisha mafuta kiduchu ya madini au yale ya ndimu yanayouzwa kwa ajili ya magita, ngoja kidogo, futa yote yanayobaki juu. Mafuta ya kupikia usiguse, yanachacha ndani ya mbao.

Ikishindikana kabisa ndiyo msasa laini, tena juu ya kibao chenye mkunjo ule ule wa ubao wako. Ukisugua kwa mkono mtupu utatengeneza mabonde, na kwenye besi ya namna hii hakuna freti za kuficha bonde. Kila bonde utalisikia likiunguruma.

Nyuzi_Nne

Mnahangaika. Ungechukua ile Squier Vintage Modified Jazz isiyo na freti, ubao wake ni ebonoli, sio mbao. Wino unafuta unaendelea na maisha. Tena ilikuwa inakuja na mistari ya kiwandani, huyo bwana angekosa pa kuchora.

Kidole_Uchi

Sitaki mistari. Nilitafuta isiyo na mistari KWA MAKUSUDI. Na hata ingekuwa nayo, neno lile angelisema vile vile.

Nyuzi_Nne

Neno lipi?

Kidole_Uchi

Hukusoma uzi!! "Sasa hutapotea tena"!!

Dada_wa_Chini

Mimi napiga yenye mistari na sioni aibu. Ila kaka zangu mnaosema mistari inaokoa, mkisimama na besi mkaiangalia toka juu, mstari wa mbele unaonekana umehama kwa sababu unautazama kwa mshazari. Cha kuaminika ni vidoti vya ubavuni na sikio. Na kabla hujanunua hakikisha vidoti viko kwenye noti yenyewe, maana kuna besi zinavyo katikati kama za gita lenye freti. Ukinunua bila kuangalia utapiga chini maisha yako yote ukidhani umezaliwa huna sikio.

Solo_Kavu

Kumbe kuna besi zinakuja hivyo? Basi jamaa alichora kwa mtindo unaotambulika.

Kidole_Uchi

Solo nakuheshimu lakini leo usinizoee.

Epoksi_Tupu

Suluhisho mnaliacha. Mpiga besi Jaco Pastorius, Fender Jazz yake ya 1962 aliipaka ubaoni epoksi ya boti, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, akapiga nyuzi za raundi bila wasiwasi, na sauti ikaimba. Paka epoksi. Mbao hazichimbiki tena.

Kinanda_Kimya

Akipaka epoksi juu ya wino si mistari inabaki humo ndani milele?

Epoksi_Tupu

Ndiyo, lakini inang'aa.

Kidole_Uchi

Mods naomba huyu aondolewe.

Mzee_wa_Flati

Vijana, nyuzi za flati, basi. Raundi zinakula ubao, epoksi inabadilisha sauti inakuwa kali, halafu siku ikipasuka unaanza upya. Flati nilizonazo sijui hata nilizinunua lini, bado zinalia.

Epoksi_Tupu

Zinalia kwa huzuni, mzee. Ukifunga flati kwenye besi isiyo na freti umeweka blanketi juu ya blanketi.

Mzee_wa_Flati

Bill Wyman, aliyekuja kuwa mpiga besi wa Rolling Stones, aling'oa freti za besi yake ya bei rahisi mwaka 1961, kabla hata viwanda vikubwa havijafikiria jambo hilo. Ampeg walitoa yao 1966, Fender 1970. Wyman alikusudia kuweka freti mpya, akaipenda ilivyo, akaiacha. Hakuogopa kitu. Wewe na epoksi yako unaogopa uzi.

Nyuzi_Nne

Kuna nyuzi za katikati, raundi zilizosuguliwa zikapungua makali. Chukueni hizo mlale.

Mzee_wa_Flati

Hizo ni za wasiojua wanachotaka.

Tamtamu_Mstaafu

Nawasoma tu. Angalau nyie mmechorewa. Mimi mtu kaweka sahani ya chakula juu ya dramu yangu ya snea. Ya moto! Ngozi ikalainika, nikaigonga ikatoa sauti ya godoro. Namwuliza, ananijibu "nilidhani ni meza".

Kinanda_Kimya

Kusema kweli ukiikunja miguu inafanana na meza.

Tamtamu_Mstaafu

Ilikuwa na VIJITI juu yake. Alivisogeza kwanza!

Dada_wa_Chini

Hahaha, alisogeza. Mimi wangu ni fundi mitambo. Kila tukifanya mazoezi anaikata besi yangu sauti zote za chini halafu anakuja kuniuliza mbona haina uzito. Nikiongeza kwenye amplifaya, anapunguza kule. Tumekaa hivyo, hatusalimiani.

Tamtamu_Mstaafu

Da, huyo wako na wangu ndugu. Alifunika dramu zangu taulo kisha akalalamika hazisikiki.

Kidole_Uchi

Samahanini, tunarudi kwenye mada. Alikuwa anapuliza ule wino, mnaelewa? Kwa upole kabisa.

Solo_Kavu

Mkuu tumeshaelewa, ulipuliziwa. Hivi Tamtamu, ngozi ya snea ulibadilisha au uliikaza tu? Yangu nyumbani imelegea upande mmoja.

Tamtamu_Mstaafu

Unacheza solo, snea ya nini?

Solo_Kavu

Ya mdogo wangu.

Tamtamu_Mstaafu

Badilisha. Ukikaza, kaza kwa mkingamo, skrubu hii halafu ya upande wa pili, usizunguke duara.

Kinanda_Kimya

Kwa kuwa tumefika kwenye malalamiko ya jumla: waya wangu. Mtu aliazima waya wangu wa jeki, mrefu, mzito, wa maana, baada ya mazoezi. Akasema "nakurudishia wiki ijayo". Toka hapo tukikutana anaongelea hali ya hewa.

Nyuzi_Nne

Waya ndiyo usimwazime mtu. Azima gita, azima hata viatu, waya hapana.

Dada_wa_Chini

Waya una roho yake, ukitoka haurudi.

Fundi_Shingo

Kinanda, huo waya ulikuwaje?

Kinanda_Kimya

Mweusi. Jeki moja ina tepu nyekundu, niliizungushia mwenyewe.

Fundi_Shingo

Ina tepu upande wa jeki iliyonyooka au ile iliyopinda?

Kinanda_Kimya

Iliyopinda. Kwa nini unauliza?

Fundi_Shingo

Nauliza tu.

Kinanda_Kimya

Fundi.

Kinanda_Kimya

Fundi, nani kakupa huo waya?

Fundi_Shingo

Niliununua kihalali. Kwa Epoksi.

Epoksi_Tupu

Mimi pia niliuziwa.