Betri za umeme jua wa kijiji zinakufa, mfuko hauna kitu

Mweka hazina wa kisiwani:
Wakuu, habari za leo. Ninashika daftari la kamati ya umeme jua kwenye kisiwa kimoja huku Ukerewe. Mfadhili alituachia paneli, inveta (ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwashe taa za nyumbani) na betri 12 za maji, huu mwaka wa nne. Nyumba 41, zahanati, na friji moja ya soda. Mwanzoni taa zilikuwa zinakesha. Siku hizi saa tatu usiku inveta inalia, kisha giza. Kila nyumba inatakiwa itoe 5,000 kwa mwezi. Mwezi uliopita zimetoa nyumba 17 tu. Halafu mwaka juzi kijiji kilikopa laki nane za mfuko kununulia madawati, mpaka leo kimya. Nikidai naambiwa, "Kwani jua tunalinunua?" Nifanyeje?

Fundi Geita:
Mkuu, hela baadaye. Fungua vifuniko vya betri kwanza. Maji yamefunika zile sahani za risasi mle ndani? Na mnaongeza maji gani?

Mweka hazina wa kisiwani:
Aibu tupu. Mbili sahani zimebaki nje, nyeupe kama zimepakwa chokaa. Mlinzi anasema anaongezaga ya ziwani.

Fundi Geita:
Basi mmeziua wenyewe. Ni maji ya betri ya dukani tu, yale yaliyosafishwa (distilled), sio tindikali. Zichaji zijae, zitoe kwenye mzigo zipumzike saa kadhaa, kisha pima moja moja: volti 12.6 hivi ni nzima, ikiwa chini ya 12 hiyo imekwenda. Mbovu moja inavuta safu nzima, lakini usije ukachomeka mpya katikati ya kuukuu. Na hiyo friji izimwe jua likizama. Betri hizo ukizishusha kupita nusu kila usiku, hazidumu.

Mama Dagaa:
Mwanangu, hiyo 5,000 unaidai lini? Tarehe 30? Mvuvi kalenda yake iko juu. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, utaambulia matusi bure. Kwetu tulihamishia makusanyo wiki ya giza, palepale mwaloni dagaa wanaposhushwa, kabla boti ya Mwanza haijang'oa. Asiye na hela anapima sado ya dagaa, kamati inauza. Majina tumebandika ukutani zahanati, aliyetoa na asiyetoa. Na hayo madawati yaulize kwenye mkutano wa kijiji, sio pembeni.

Mweka hazina wa kisiwani:
Asante mama, asante fundi. Giza linaanza Alhamisi, nitakuwa mwaloni na daftari. Kazi iko kwenye friji. Ni ya mwenyekiti wa kamati.