Civilization VI: baada ya Roma, nichukue taifa gani lenye ladha tofauti?

Kirumba_Zamu:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kuhusu Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga taifa kwa zamu. Roma naimudu hadi ngazi ya ugumu ya King, ila kila mchezo unaishia kuwa uleule: miji mingi mapema, kila mji unazaliwa na mnara wake wa bure, barabara zinajichora zenyewe hadi mji mkuu, kisha jeshi. Kufika zamu ya 100 tayari najua mwisho wake.

Nataka taifa ambalo nikilicheza kama Roma nitaumia. Nyongeza zote ninazo. Laptop ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya picha ya peke yake. Ramani ni Inland Sea, maji katikati na nchi pembezoni, maana kwa mtu wa Mwanza hakuna ramani inayofanana na nyumbani kuliko hiyo. Nimebakiza Mali, Kongo, Nubia na Ethiopia. Msiniambie lipi lina nguvu zaidi. Niambieni lipi linabadilisha mazoea, na linadai nini katika zamu 60 za kwanza.

Nawasilisha.

Mhasibu_Nyegezi:

Mkuu, chukua Mali. Katika hayo manne hakuna linalogeuza hesabu zako kichwa chini kama hilo.

Roma inakufundisha kujenga, Mali inakufundisha kununua. Uzalishaji wa majengo na vikosi umekatwa asilimia 30, kwa hiyo mlowezi ambaye Roma ingemtoa kwa zamu 10 wewe utamsubiri 14 na ushee. Mgodi nao unapoteza uzalishaji 1 lakini unaleta dhahabu 4. Kwa kuwa mgodi wa mwanzo unaongeza uzalishaji 1 tu, maana yake ni kwamba mgodi wa Mali hautengenezi chochote, unatoa fedha. Mtu akishalielewa hilo anaacha kulilia uzalishaji.

Zamu ya kwanza usikimbilie mto kama ulivyozoea. Hesabu vigae vya jangwa vinavyogusa mahali utakapoweka mji, kwa sababu kila kimoja kinaupa mji chakula 1 na imani 1. Vikiwa 4, una imani 4 kwa zamu tangu mwanzo, na panthioni (imani ya awali kabla ya dini kamili) inahitaji 25, yaani ndani ya zamu 7 umeipata kabla wengine hawajaanza kuiwazia. Chukua Desert Folklore, ambayo inaipa wilaya takatifu imani 1 kwa kila kigae cha jangwa kinachopakana nayo. Ila maji usiyasahau kabisa: mji wenye maji baridi unaanza na makazi 5, wa pwani ya chumvi 3, usio na maji 2. Mji uliozungukwa na jangwa pande zote lakini una mto ubavuni ndio wa kugombania.

Baada ya hapo lenga utafiti wa Currency upate Suguba, wilaya ya biashara ya Mali. Bei ya kununua kwa dhahabu ni mara 4 ya gharama ya uzalishaji. Kitu cha 110 kinauzwa 440, na ukikinunulia kwenye mji wenye Suguba unalipa 352, kwa sababu unapunguziwa asilimia 20. Punguzo hilo linahusu manunuzi ya imani pia. Iweke kando ya mto upate dhahabu 2, na ipakane na wilaya takatifu upate 2 nyingine.

Njia za biashara zipeleke nchi za nje, siyo kati ya miji yako. Kila njia ya nje inaongeza dhahabu 1 kwa kila kigae cha jangwa tambarare kilicho kwenye mji ilikotoka. Mji wenye vigae 10 vya namna hiyo unaongeza 10 kwa kila msafara mmoja. Kwa hiyo misafara yote itoke kwenye mji mmoja wenye jangwa kubwa, hata kama si mji mkuu.

Wanapoanguka wengi ni kati ya zamu ya 15 na 40. Skauti wa wavamizi anauona mji, anarudi kambini, na muda si mrefu wamefika watano wakati mpiganaji wako wa pili bado yuko jikoni. Tengeneza wapiga kombeo wawili mapema, muueni yule skauti kabla hajarudi kwao, na mmoja wa wapiga kombeo akipata kuua utaharakisha utafiti wa upinde. Kisha wapandishe kuwa wapiga upinde kwa dhahabu, ambapo lile kato la asilimia 30 halikugusi.

Kashai_Mvua:

Ndugu yangu Mhasibu amesema vizuri, ila jangwa halina raha ya msitu. Mimi nasema Kongo.

Huna ruhusa ya kujenga wilaya takatifu wala kuanzisha dini yako. Mtu wa Roma akisikia hivyo anadhani amenyimwa, kumbe amepunguziwa kazi: dini ikishika wengi katika miji yako, unapata faida zake bila kuigharimia. Hili lina mizizi kwenye historia. Mvemba a Nzinga, anayeongoza Kongo katika mchezo, alipokea Ukristo kutoka kwa Wareno, na mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamikia biashara ya watumwa iliyokuwa ikimaliza watu wake.

Nguvu yenyewe iko kwenye kazi za sanaa. Ikulu ya Kongo ina nafasi 5 za kuzihifadhi, na kila sanamu, kila kifaa cha kale na kila masalia matakatifu yanaleta chakula 2, uzalishaji 2 na dhahabu 4, pamoja na vingine. Ukijaza nafasi hizo 5 kwa masalia, mji mkuu unakuwa kama una migodi ambayo adui hawezi kuipora.

Masalia unayapata hivi. Kila ukimaliza wilaya ya sanaa au Mbanza (wilaya ya makazi ya Kongo) katika mji wenye dini, unapewa Mtume wa dini hiyo bure. Ukiwa umejenga Mont St. Michel, kila Mtume anazaliwa na sifa ya ufiadini. Mpeleke akapigane mjadala wa dini na Mitume wa jirani, ashindwe, nawe upate masalia. Ajabu hiyo inajengwa kwenye uwanda wa mafuriko au kinamasi tu, kwa hiyo kinamasi ukikiona zamu ya 20 usikikaushe.

Mbanza inatoka mapema kuliko makazi ya mataifa mengine, inaleta makazi 5, chakula 2 na dhahabu 4, na unaijenga popote.

Igoma_Kigae:

Kashai, hapo mwisho nakusahihisha kwa heshima. Mbanza haijengwi popote. Inakubali kigae chenye msitu wa kawaida au msitu wa mvua peke yake, na ndilo kosa linalowakwamisha wachezaji wa Kongo. Mtu anatoka Roma na tabia ya kufyeka msitu apate uzalishaji wa haraka, akifika Guilds, hatua inayofungua Mbanza, anakuta mji hauna pa kuweka hata moja. Kila mji bakiza vigae viwili vya msitu tangu siku ya kwanza, uviwekee alama kwenye ramani.

Na ule ujanja wa Mtume una sharti: dini iwe na wengi katika mji huo *siku wilaya inapokamilika*. Wilaya ikibakiza zamu 2 na mji haujasilimu wala kubatizwa, simamisha ujenzi, jenga kitu kingine, subiri wahubiri wa jirani waingie. Ukikamilisha mapema Mtume amekupita, harudi tena.

Mhasibu naye niongezee jambo moja: lile kato la asilimia 30 la Mali haligusi wilaya. Kwa hiyo uzalishaji kidogo ulio nao utumie kwa wilaya, majengo na vikosi nunua. Anayejenga soko kwa uzalishaji huku akiwa na dhahabu mkononi hajaielewa Mali.

Nubia nadhani haikufai. Ni nzuri, wapiga upinde wake wana nguvu ya 30 dhidi ya 25 ya kawaida na mwendo wa 3, lakini utaishia kuvamia jirani zamu ya 30, mchezo uleule wa Roma ulioletwa mapema.

Dada_Kapripoint:

Ethiopia mmeiruka, na kwa sisi wa mji wa mawe na vilima si haki.

Mji uliojengwa juu ya kilima unapata sayansi na utamaduni sawa na asilimia 15 ya imani unayozalisha. Mji wenye imani 40 unaongezewa sayansi 6 na utamaduni 6 bila shule wala ukumbi. Vikosi vikisimama kilimani vinaongezewa nguvu 4, na hilo linakumbusha Adwa, Machi 1896, Menelik alivyotumia ardhi yake.

Kosa ni moja na linajirudia: mtu anaweka mji bondeni *karibu* na vilima akidhani inatosha. Haitoshi. Kituo chenyewe cha mji kikae juu ya kilima, kama Bugando ilivyokaa. Kwenye mipangilio ya ramani chagua umri wa dunia uwe mpya, vilima na milima vinaongezeka. Kwa Mali chagua hali ya joto na ukame, kwa Kongo chagua mvua nyingi. Watu wanasema taifa ni bovu kumbe wamelipa ardhi isiyolifaa.

Halafu kaka, maadamu unacheza mwambao, taifa lolote utakalochukua liingize Zanzibar kwenye mchezo. Kuna sehemu ya kuchagua dola-miji kabla ya kuanza, itie tiki. Ukiwa mlezi wake unapata karafuu na mdalasini, na kila kimoja kinaleta starehe 6. Hakuna njia nyingine ya kuvipata. Ulezi unataka wajumbe wasiopungua 3 na uwe na wengi kuliko wengine wote. Anayekutana na dola-mji wa kwanza anapewa mjumbe 1 bure, kwa hiyo skauti wa kwanza mpitishe ufukweni.

Na ukifika utafiti wa Machinery, jenga ajabu ya Kilwa Kisiwani. Inataka kigae tambarare kilicho pwani. Papo hapo unapata wajumbe 3. Ukiwa mlezi wa Zanzibar, ambayo ni dola ya biashara, mji wenye Kilwa unaongeza dhahabu asilimia 15, na ukilea dola mbili za aina moja, nyongeza nyingine ya asilimia 15 inaenda kwenye miji yako yote. Kwa Mali hiyo ni nyama juu ya nyama. Inapendeza kuona mji wetu umepewa nafasi ya ajabu ya dunia. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na magofu yake yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981.

Kirumba_Zamu:

Asanteni sana, dada na kaka zangu. Naanza na Mali, hali ya joto, ukame, Inland Sea, Zanzibar ndani. Maswali mawili. Je, jangwa likiwa mbali na pwani, niifuate pwani au jangwa? Na ramani ya ukubwa gani laptop hii itaivumilia, ukizingatia umeme?

Mhasibu_Nyegezi:

Jangwa kwanza. Mji mkuu uwe jangwani, mji wa tatu au wa nne ndio uende pwani kuisubiri Kilwa. Ukifika enzi ya pili ukiwa na Enzi ya Dhahabu chagua Monumentality: unanunua walowezi na wajenzi kwa imani, tena kwa punguzo la asilimia 30. Alama za kuifikia zipate kwa kubomoa kambi za wavamizi na kugundua maajabu ya asili. Ukiikosa, walowezi wanunue kwa dhahabu, hutakufa ila utachelewa. Pia kila Mali ikiingia Enzi ya Dhahabu unaongezewa njia 1 ya biashara ya kudumu, kwa hiyo alama hizo zihesabu mchezo mzima.

Igoma_Kigae:

Ukubwa chagua Small, mataifa 6. Standard ina 8 na kompyuta inapocheza zamu zao baada ya zamu ya 150 utasubiri mno kwa RAM hiyo. Kasi iwe Quick, zamu 330 badala ya 500, ila kumbuka gharama zote tulizotaja ni za kasi ya kawaida, kwenye Quick zinashuka. Laptop ikipata joto hamia mwonekano wa ramani bapa, ule usio na milima ya kuinuka. Mashine inapumua, na kwa Mali utahesabu vigae vya jangwa kwa urahisi zaidi.

Kuhusu umeme, nenda kwenye mipangilio ya mchezo, weka kuhifadhi kiotomatiki kila zamu 1, idadi ya nakala 10. Ukiiweka kila zamu 5, umeme ukikatika katikati ya vita unarudia nne nzima.

Kashai_Mvua:

Igoma, nimekubali kuhusu Mbanza, asante kwa masahihisho. Kirumba, ukimaliza Mali ukaja Kongo, usianze kabla hujahakikisha jirani mmoja walau ana dini. Fungua orodha ya dini kufikia zamu ya 80. Ukiona waanzilishi wote wako ng'ambo ya maji, tuma misafara ya biashara kwenye miji yao, dini inasafiri na msafara kurudi kwako.