Ulinganisho: ukarani wa tali katika yadi ya makontena, au kubaki dukani kwa ami?

Mkaazi wa Mtongwe
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina diploma ya ugavi, na baada ya kuzungusha maombi kwa miezi 14 nimepata barua yangu ya kwanza ya ajira: karani wa tali, yaani wa kuhesabu na kukagua mizigo, katika yadi ya makontena, Changamwe, hapa Mombasa. Mshahara ni shilingi 18,000 kwa mwezi, zamu za mchana na za usiku hupishana kila wiki, na majaribio ni ya miezi 6 ambayo barua inasema "yanaweza kuongezwa". Kwa sasa nauza katika duka la vifaa vya ujenzi la ami yangu hapa Likoni, naye hunipa shilingi 12,000 pamoja na chakula cha mchana. Niliomba nafasi ya ofisa ugavi, na inaniuma kuona nimepewa kazi ya kusimama juani nikihesabu magunia. Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Mnashauri lipi?

Binti Kisauni
Waaleikum salaam. Linganisha kitakachobaki mkononi, si kilichoandikwa kwenye barua. Katika 18,000 utakatwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 6, yaani 1,080, bima ya afya asilimia 2.75, yaani 495, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 270. Kodi ya mapato haitakugusa kwa kuwa hujafika 24,000. Utabaki na 16,155. Kivuko cha Likoni ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini nauli ya matatu kwenda na kurudi tukiikadiria kuwa 150 kwa siku 26 ni 3,900, kwa hiyo unashika 12,255, na chakula cha mchana bado hujanunua. Kwa fedha pekee, ami amekushinda. Faida iliyopo ni kwamba mwajiri naye ataweka 1,080 nyingine katika NSSF kila mwezi, kwa jina lako.

Mpwani wa Tudor
Mimi ningeikataa. Nilikubali kazi ya mapokezi katika kampuni moja ya mizigo kwa ahadi ya mdomo kwamba ningehamishiwa uhasibu, nikakaa miaka mitatu, na kila nilikoomba kazi baadaye waliniona kuwa mtu wa mapokezi. Dukani kwa ami una nafasi ya kwenda kwenye usaili siku yoyote utakayoitwa. Ukitoka zamu ya usiku, utakwenda kwenye usaili ukiwa na macho mekundu.

Karani Mstaafu
Mwanangu, nimefanya tali kwa miaka mingi, na nakuomba usiiite kazi ya kuhesabu magunia. Karani wa tali ndiye anayesoma namba ya kontena na ya lakiri (kifungo cha mlango wake) kabla halijafunguliwa, akalinganisha kilichomo na manifesti, yaani orodha ya mizigo, na akaandika kilichopungua au kilichovunjika. Karatasi yake ndiyo inayoshikwa mwenye mali anapodai fidia. Utawaona mawakala wa forodha kila siku, utajua ni nani mwenye nyaraka safi na ni nani anayelipa gharama za kuchelewesha mzigo kwa uzembe, na hao ndio watakaokuajiri kesho. Diploma yako haikukufundisha hayo, na duka la saruji halitakufundisha.

Hata hivyo, Mpwani wa Tudor amesema kweli kuhusu ahadi za mdomo, kwa hiyo ikague barua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaweka majaribio yasiyozidi miezi 6, nayo hayaongezwi bila ridhaa yako, wala nyongeza haizidi miezi 6 mingine. Katika kipindi hicho wanaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 7, na wewe pia unaweza kuondoka kwa siku hizo hizo. Kwa hiyo hujifungi kama unavyodhani. Hakikisha barua inataja siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Siku ukiondoka, dai cheti cha utumishi, kwa maana ni haki yako.

Jambo la mwisho ni kuuliza yadi hiyo inapata wapi mizigo yake. Agizo la mwaka 2019 la kupeleka makontena bara kwa reli mpya ya SGR, bila kupitia yadi za hapa, lilizikausha yadi nyingi hapa kwetu, na vijana wengi walirudishwa nyumbani kabla halijaondolewa mwaka 2022. Yadi yenye wateja wa aina moja tu hutikisika haraka.

Binti Kisauni
Nakubaliana na mzee. Hesabu yangu ilikuwa ya mwezi mmoja, naye anahesabu miaka.

Mkaazi wa Mtongwe
Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Leo asubuhi nilikwenda Changamwe nikaomba mambo mawili: maneno "kwa ridhaa ya mwajiriwa" yaongezwe kwenye kifungu cha majaribio, na nipewe zamu za mchana pekee kwa mwezi wa kwanza. La kwanza wamelikubali na kuliandika. La pili wamelikataa, lakini wamenieleza kwamba gari la wafanyakazi huwashusha Feri, pale kivukoni, wanaotoka zamu ya usiku, kwa hiyo nitaokoa nauli hiyo, jambo ambalo hatukuwa tumelihesabu. Mizigo yao ni ya mchele, vitambaa na magari yaliyotumika, kwa hiyo hawategemei mteja mmoja. Ami nimemweleza jioni hii. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza naanza lini ili amtafute mtu wa kushika ghala. Nimemwambia Jumatatu.