Ruzuku za utafiti vyuo vikuu: ofisi ya fedha iamue, au wahadhiri?

Mkomani (mhadhiri): Chuo cha umma kikipata ruzuku, nani aamue fedha zitoke lini na zikatwe kiasi gani? Mimi nasema kamati ya utafiti ya kitivo, iliyochaguliwa na wahadhiri wenyewe. Tazama utafiti wa kamba mawe, wale kamba wakubwa wa miambani, huku Lamu. Wapiga mbizi wa Kizingitini na Kiunga hushuka sana wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, maji yakiwa matulivu na maangavu. Ombi la masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa kabla, likilala mezani miezi mitatu, upepo wa kusi umeingia, bahari imechafuka, na data ya msimu mzima imepotea. Hata fedha zikija baadaye, msimu haurudi.

Mhasibu: Maalim, uchungu wako naufahamu, lakini anayejibu mbele ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni Naibu Chansela, mtendaji mkuu wa chuo, si kamati yako. Baraza la chuo ndilo linaloidhinisha bajeti kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Seneti kazi yake ni taaluma. Na ucheleweshaji mwingi huanzia kwa watafiti. Masurufu ya safari hurejeshewa hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni. Asiyefanya hivyo hapewi mengine. Nahodha wa mashua hana risiti ya mashine, sawa. Basi andikeni mkataba kabla ya kung'oa nanga: jina, nambari ya kitambulisho, siku, bei, mafuta lita ngapi, sahihi zote mbili. Mlipeni kwa M-Pesa, muambatishe ujumbe wa malipo.

Mkomani: Hilo la nahodha nalikubali. La makato silikubali. Chukua mradi wa Sh 4,000,000, makato ya usimamizi asilimia 15. Yakipigwa juu ya jumla yote, ni Sh 600,000. Ukitoa kwanza mashine ya maabara ya Sh 800,000, yanashuka hadi Sh 480,000. Hiyo Sh 120,000 ni mashua na mafuta ya siku kadhaa. Nani alichagua njia ya kwanza, na kwa kikao gani? Halafu fedha za mradi zikichanganywa na za uendeshaji katika akaunti moja, mishahara ikikwama ndizo zinazoazimwa kwanza. Kila mradi uwe na akaunti yake, taarifa ya salio ifike kwa mtafiti kila mwezi.

Bi Faza: Ndugu zangu, mnagombania fedha na vibali mmevisahau. Barua ya kamati ya maadili hutangulia, ndipo leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ofisi za kaunti. Kiunga ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo KWS, shirika la wanyamapori, nao lazima. Mkichukua sampuli za vinasaba, kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na ridhaa ya wenyeji iliyoandikwa. Mkianza Septemba, kaskazi imewapita hata fedha zikiwa mkononi. Anzeni kusi ingali inavuma. Na ripoti isiishie Nairobi. BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ipewe nakala kwa Kiswahili, isomwe bandani wavuvi wakiwepo. Kamati ya maadili ina nafasi ya raia asiye mtaalamu: mpeni mvuvi.

Mtiva (mkuu wa kitivo) mstaafu: Kamati ya kitivo haitafaa kitu ikiwa mtiva mwenyewe ameteuliwa na utawala badala ya kupigiwa kura. Atamkosoa vipi aliyemweka? Lianzeni hapo. Kisha kanuni iseme: ombi lililokamilika lijibiwe ndani ya siku 5 za kazi, kwa maandishi, likikataliwa sababu itajwe. Kimya kikizidi, kihesabiwe kuwa idhini.

Mhasibu: Siku 5 naziunga mkono, Mzee wangu. Kimya kuwa idhini, hapana. Fedha za umma hazitoki bila sahihi ya mtu anayeweza kuulizwa.

Mkomani: Basi kimya kipelekwe kwa Naibu Chansela siku ya 6, na orodha ya maombi yaliyokwama isomwe kila kikao cha seneti. Hilo utalipinga?

Mhasibu: Hilo silipingi.