Chumba cha muziki kimegeuzwa darasa, mwalimu wa kwaya kahamishwa: naomba ushauri

TichaMalindi
Hamjambo wadau. Nafundisha shule moja nje kidogo ya mji wa Malindi. Tangu Gredi ya 9 ianze Januari 2025 madarasa yamebana, na chumba tulichokuwa tukiimbia sasa kimejaa madawati. Mwalimu wa kwaya naye kapata uhamisho, nikakabidhiwa watoto mimi kwa vile eti nina sauti. Ngoma na kayamba zimesukumwa stoo, chini ya magunia ya mahindi. Wanaokuja mazoezini ni wa Gredi ya 8 tu, tena wakipenda. Mkuu wa shule anasema tupumzike, tutaanza upya mambo yakitulia. Nikubali? Nota sisomi, niseme mapema.

KwayaMstaafu
Usikubali, mwalimu. Hiyo "tutaanza upya" tuliionja wakati wa korona. Shule zilifungwa Machi 2020, watoto wote wakaja kurudi Januari 2021. Kutazama, walioshika sauti ya pili na ya tatu ndio hao wanamaliza darasa la nane, na wadogo hawajazisikia kabisa. Nyimbo za kiasili haziko karatasini, ziko kwa watoto, na watoto huondoka. Kila wa Gredi ya 8 mpe mdogo wake wa Gredi ya 5 au 6, amfundishe sauti yake hadi aishike bila kuvutwa na ya jirani. Nota za nini? Kigiriama kinaimbwa kwa kuitikiana. Robo saa chini ya mwembe kila siku baada ya paredi ni bora kuliko saa mbili za Ijumaa. Nje sauti hupeperuka, kwa hiyo wapange nusu duara wakielekea ukuta.

FundiNgoma
Mimi nawaza stoo. Ngoma ikikaa kwenye sakafu ya saruji msimu wa masika huvuta unyevu, ngozi ikalegea, ikaota ukungu. Na hapo penye mahindi kuna panya. Iinue juu ya mbao, penye hewa. Siku ya kupiga iote jua, au moto wa makuti kwa mbali, ukiizungusha na kuigonga hadi ilie. Ukiisogeza mno itapasuka. Kayamba itikise sikioni: upande ukiwa kimya, tete limepasuka na mbegu zimemwagika. Kama ni turuturi, zile nyekundu zenye jicho jeusi, wadogo wasizijaze wao. Zikitafunwa ni sumu.

MzaziShella
Msinichukie, ila mkuu naye ana presha. Wazazi wanauliza alama, hawaulizi kwaya.

BintiLangoni
Wazazi hao hao siku ya kufunga shule si ndio wanasukumana kurekodi na simu? Huku Lamu sijaona chumba cha matwari, vile vigoma vya mkononi. Mtoto hukaa nyuma ya wakubwa, huitikia, hupiga makofi, mpaka siku anapewa twari mkononi. Ila mwalimu, wimbo wowote wenye harufu ya dini waulize kwanza wazee wa pande zote. Mmoja akinuna, hapo ndipo utafungiwa kweli.

TichaMalindi
Ahsanteni sana. Na tamasha je? Halafu wavulana wawili sauti zimeanza kukwaruza, wanaona haya kuimba.

KwayaMstaafu
Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, halikimbii. Ingieni na kitu kimoja, wimbo wa kiasili, ngazi ya zoni basi. Mkuu akiona hudai basi wala sare mpya, atalegeza. Hao wawili usiwalazimishe kupanda juu, wape kayamba mpaka sauti zitulie. Kayamba ikiyumba kwaya yote huyumba, kwa hiyo hawatajiona wametupwa.

TichaMalindi
Sawa mzee wangu. Kesho naanza na stoo. FundiNgoma, ukungu naufuta na nini?

FundiNgoma
Kitambaa kikavu, nje, penye upepo. Usitie maji wala mafuta ya kupikia.