Mhazini kala hela za kikoba, anasema ni mpango wa Mungu kama Yuda. Nimjibu nini?

Binti Uluguru (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu. Ni ndefu kidogo, naomba mnivumilie.

Niko kwenye kikoba cha akina mama wa kanisani hapa Morogoro, tuko 24. Tulipanga kuvunja, yaani kugawana hela zetu, wiki ya kwanza ya Desemba. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu, kama ilivyo kawaida. Siku ya siku tukafungua, tukakuta daftari, muhuri na bakuli la faini. Hela hakuna. Mhazini amekiri mwenyewe mbele ya wote: alimpa mume wake akaongezee mtaji wa mpunga, mpunga ukanyeshewa, basi. Fungu langu ni milioni 1 na laki 8 na 40. Ilikuwa mahitaji ya mtoto anayeingia kidato cha tano.

Ila kinachonitafuna si hela peke yake. Huyu dada ndiye aliyenisimamia kwenye ndoa yangu. Nilipojifungua mtoto wa kwanza ndiye aliyenikanda, maana mama yangu alikuwa mgonjwa. Nimemfuata kwake nikitegemea angalau neno "samahani". Akafungua Biblia. "Mdogo wangu, Yuda asingemsaliti Bwana, wewe leo ungeokokaje? Ilikuwa imeandikwa. Mungu ana makusudi na wewe kwenye hili." Mzee mmoja wa kanisa alikuwepo, akaitikia amina, akasema tumwachie Mungu.

Nimerudi nyumbani sina jibu, na hadi leo sina. Maana kweli Yesu alijua. Yohana 13 anampa Yuda tonge, anamwambia alitendalo alitende upesi. Sasa kama ilikuwa lazima itokee, Yuda angeweza kukataa? Kama asingeweza, kosa lake nini? Na mimi nikidai changu napigana na mpango wa Mungu? Naombeni ushauri, wa Neno na wa maisha.

Chai ya Rangi

Mwambie Yuda alirudisha hela. Mathayo 27:3, vipande vyote 30. Na yeye akirudisha ndipo tukae tujadili maandiko.

Nyota ya Ziwa

Dada pole. Mimi ninakushauri usamehe tu. Paulo amekataza kabisa ndugu kumshitaki ndugu, 1 Wakorintho 6. Afadhali kudhulumiwa.

Fundi Saa

Chai ya Rangi umenivunja mbavu 😂 lakini hujajibu swali, umelikwepa.

Mimi si mtu wa kanisa, niseme wazi. Swali la dada ni zito na Wakristo huwa mnalizungukazunguka. Mungu anajua kesho yote bila kukosea, ndivyo mnavyofundisha. Basi kesho imeshafungwa. Yuda kazaliwa na jina lake tayari liko kwenye orodha. Halafu Yesu anasema ingekuwa heri kwake kama asingalizaliwa. Sawa, nani aliyemleta duniani? Huwezi kumpa mtu sehemu kwenye mchezo halafu umfunge kwa kuicheza vizuri. Kwa hesabu hiyo mhazini wenu ana hoja, tena nzuri.

Katekista Mstaafu

Fundi Saa, hoja yako ina umri mkubwa kuliko unavyodhani. Karne ya pili alikuwepo mpagani mmoja, Celsus, aliyewabana Wakristo karibu hivyo hivyo: kama Yesu alitabiri kwamba atasalitiwa, basi ilikuwa lazima. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa Kikristo, alimjibu karne iliyofuata. Alisema umegeuza kamba. Jambo halitokei kwa kuwa limetabiriwa. Limetabiriwa kwa kuwa litatokea. Mimi nikiwa juu ya kilima nikaona lori mbili zinakuja kona moja, macho yangu hayajashika usukani wa yeyote. (Mfano wa lori ni wangu, msimlaumu Origen.)

Utaniambia Mungu si mtazamaji wa kilimani. Kweli. Kwa hiyo soma 1 Samweli 23, sura ambayo hata sisi makatekista tunaipita mbio. Daudi yuko Keila, mji aliouokoa mikononi mwa Wafilisti. Anasikia Sauli anakuja. Anamuuliza Mungu: watu wa Keila watanitia mkononi mwake? Anajibiwa ndiyo, watafanya hivyo. Daudi anaondoka na watu wake wapata 600. Sauli akisikia ameondoka, anaahirisha safari. Usaliti ule Mungu aliujua, akautamka, na haukutokea. Watu wa Keila walikuwa nao moyoni tayari, Daudi akautoroka. Sasa mtu akikwambia "Mungu akishajua, imeshafungwa", muulize kuhusu Keila.

Na kwa sisi Wakatoliki jambo hili halikuachwa hewani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1547 ulimlaani waziwazi anayesema kwamba usaliti wa Yuda ni kazi ya Mungu mwenyewe sawasawa na wito wa Paulo. Wamechagua mifano hiyo miwili makusudi. Mungu alimwita Paulo. Yuda hakuitwa kwenda kwa makuhani, alikwenda mwenyewe akauliza bei: "Ni nini mtakachonipa, nami nitamsaliti kwenu?" Aliyelazimishwa huwa haulizi bei.

Fundi Saa

Hiyo ya Keila sikuijua. Nakubali imenikwaza kidogo. Lakini Keila mlango uliachwa wazi. Kwa Yuda kuna unabii wa Zaburi, kuna wa Zekaria, na Luka anasema Shetani alimwingia. Hapo mlango uko wapi?

Mlutheri wa Usambara

Niingie hapo, maana Fundi Saa amegusa penye jipu.

Walutheri hatupendi sana kuutetea uhuru wa mwanadamu, Luther mwenyewe aligombana na Erasmus, mwanazuoni Mkatoliki, kuhusu hilo. Erasmus aliandika 1524, Luther akajibu 1525 kwa ukali wake ule, na Yuda alikuwa mmoja wa mifano waliyoivutania. Luther alikubali kwamba Mungu akishajua, jambo halina budi kuwa. Lakini akatenganisha "halina budi" na "kwa kulazimishwa". Yuda hakuburutwa kama mwizi anayepelekwa kituoni. Alitaka. Kila hatua aliipiga kwa kupenda kwake. Na baadaye, 1577, ungamo letu likaweka mpaka: Mungu anajua mema na mabaya yote kabla, lakini kuteua kwake ni kwa ajili ya wokovu tu. Uovu anaujua, anauwekea kikomo, hauzai.

Fundi, utasema huku ni kuchana unywele, na sikulaumu. Ila Yohana 12 inasema Yuda alikuwa anaiba kutoka kwenye mfuko aliotunza, siku nyingi kabla ya tonge lile. Shetani alipoingia, mlango ulikuwa umezoea kufunguliwa. (Naye alikuwa mhazini, dada, sijui kama rafiki yako alikumbuka hilo alipochagua mfano wake.)

Kuna kitu kingine Kiswahili chetu kimekificha. Neno la Kigiriki tunalotafsiri "kusaliti" kwa Yuda maana yake hasa ni kutoa, kukabidhi mtu mikononi mwa wengine. Neno hilo hilo linatumika Warumi 8:32, Mungu hakumwachilia Mwana wake bali alimtoa. Kristo mwenyewe pia, Wagalatia 2:20, alijitoa. Baba alitoa, Mwana akajitoa, Yuda akatoa. Mtakatifu Agostino aliligusa hili akihubiri juu ya waraka wa kwanza wa Yohana: kitendo kinafanana, wokovu umetoka humo, na bado Baba tunamshukuru na Yuda tunamlaani. Anasema tofauti iko kwenye kilichokuwa moyoni, Baba alitoa kwa upendo na Yuda kwa ajili ya fedha. Mhazini wenu anataka achukue fedha kama Yuda, apokee shukrani kama Baba.

Chai ya Rangi

Mstari wa mwisho nimeuandika ukutani.

Mama wa Stoo

Nyie endeleeni na Kigiriki, mimi nina ya dukani.

Binti, kwanza muwe na maandishi. Mwandike makubaliano, kiasi kinachodaiwa kwa kila mwanachama, tarehe za kulipa, yeye na mume wake wasaini pamoja na mashahidi. Kama kikundi kimesajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, pitieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, anazijua kesi hizi kama jina lake. Akigoma, hiyo ni wizi wa kuaminiwa, polisi wapo. Nyota ya Ziwa, huyo Paulo wako alipoonewa alikata rufani kwa Kaisari, Matendo 25. Kusamehe na kudai hesabu havigombani. Mimi nimeshamsamehe mdogo wangu na bado ananilipa elfu 20 kila mwezi.

Pili nina swali. Sanduku lina kufuli tatu, watu watatu. Yeye alikuwa na funguo moja. Zile mbili zilifunguaje?

Nyota ya Ziwa

Mama wa Stoo, Paulo hakumshitaki ndugu, alikuwa anajitetea. Ila la maandishi nakubali.

Binti Uluguru

Mama wa Stoo, nimekaa na swali lako tangu jana jioni. Nilitegemea hakuna atakayeliuliza.

Moja ilikuwa yangu. Alinipigia Oktoba akaniambia anataka kuhakiki hela kabla ya mgao, asipate aibu siku ya kuvunja. Nilijua kanuni, funguo haitoki mkononi. Nilimtuma mtoto ampelekee. Sikutaka aone kama simwamini, mtu aliyenikanda mimi. Ya tatu sijui aliipataje, mwenyewe hajasema na sijamuuliza, kwa sababu nikiuliza na mimi nitaulizwa.

Na niseme ukweli wote. Aliposema "ilikuwa imeandikwa", nilikasirika, ila kuna sehemu ndani yangu ilishusha pumzi. Kama la kwake liliandikwa, na funguo yangu iliandikwa. Nadhani ndiyo maana nilikosa jibu.

Katekista Mstaafu

Mwanangu, asante kwa kulisema. Kosa lako si sawa na la kwake. Wewe ulikosea kwa kuona haya, yeye alichota. Usijibebeshe sanduku zima kwa ajili ya kufuli moja. Lakini hiyo moja ni yako.

Rafiki yako alikosea mfano. Angetaka kusema "Mungu ana makusudi", mfano ni wa Yusufu, aliyeuzwa na kaka zake kwa vipande 20. Mwanzo 50:20, "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Tazama ni nani anayesema. Ni Yusufu, baada ya shimo, baada ya gereza, miaka mingi imepita. Kaka zake hawathubutu. Wao siku zote wanasema tulimkosea ndugu yetu. Hata Yuda Iskariote, pamoja na yote, hakusema iliandikwa. Alisema "Nalikosa". Sentensi ile ya Yusufu ni ya aliyeumizwa, na haidaiwi kwake kama deni. Ukiwa tayari siku moja utaisema. Usipoisema, Mungu hatapungukiwa.

Fundi Saa

Bado sijakubali kuhusu Yuda, mjue hilo. Swali langu la nani alimleta duniani halijajibiwa na mtu humu.

Mlutheri wa Usambara

Halijajibiwa, kweli. Hata mimi nikifika hapo huwa nanyamaza. Ninachojua ni kwamba bustanini, Yuda akiwa ameshafika na watu wenye panga na marungu, Yesu alimwita "Rafiki". Sijui ungeliitaje neno hilo kama mchezo ulikuwa umeshakwisha.

Mama wa Stoo

Binti, kikao lini?

Binti Uluguru

Jumamosi saa nane mchana, nyumbani kwa mwenyekiti. Nimeshamwomba nizungumze wa kwanza, nitaanza na la funguo. Mwenye ile ya tatu nimempigia jana, hakupokea, akanitumia ujumbe usiku: "tutaonana huko". Makubaliano nimeyaandika kama ulivyosema, nafasi ya sahihi ya mume wa mhazini nimeiacha wazi. Nitaleta mrejesho.