Wembe wa kukunja haushiki makali, nimalizie kwenye jiwe gani la asili?

Mwana Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Nina wembe wa kukunja wa zamani, ule mrefu wa vinyozi wa enzi hizo, umechongwa "Solingen" shingoni, ule mji wa Ujerumani wa visu na nyembe. Nimeunoa kwenye jiwe la dukani namba 1000, nikaenda 6000 lenye chembe laini zaidi, kisha nikaupitisha kwenye ngozi mara hamsini. Nywele za mkono unakata. Ukifika shavuni unavuta, na nikinyoa mara moja tu umeshakufa.

Nimesoma kwamba jiwe la asili linamalizia vizuri kuliko la kiwandani. Kuna jamaa ana jiwe la Kijapani, la Kyoto, anataka laki tatu na nusu. Mwingine anasema nitafute la Arkansas, Marekani. Nina siku kumi tu. Naombeni ushauri, wenye uzoefu tafadhali.

Kinyozi wa Zamani
Kijana, nimenyoa watu Kariakoo miaka kumi na tisa. Huo wembe weka kabatini. Sisi tuliacha zamani, ulipoingia ule mpini wa kuchomeka kiwembe kilichovunjwa nusu. Mteja anaona unafungua kipya, anatulia, magonjwa hayahami kichwa kwa kichwa. Siku moja alikuja mzee mmoja na wembe wake kwenye leso, akataka nimnyoe kwa huo huo. Nikamnyoa. Alivyoinuka akanipa shilingi mia tano na maneno ya elfu kumi.

Mpiga Debe
Mtoto akililia wembe mpe 😂

Chuma na Moto
Kabla hujanunua jiwe, jibu haya. Paka maka peni kwenye makali pande zote, pitisha wembe kwenye jiwe mara mbili, uniambie wino umebaki wapi. Pili, kabla yako nani aliunoa? Weka picha.

Mwana Chumbageni
Wino umetoka wote, umebaki kidogo sana kwenye ncha. Nimeunoa mwenyewe. Picha simu inasumbua. Swali langu ni jiwe: Kyoto au Arkansas?

Mama Nasra
Mimi sijui mawe. Nauliza tu, hizo siku kumi ni za nini? Ndevu zinaota kila siku.

Mwana Chumbageni
Dada, ni shughuli ya kifamilia.

Mama Nasra
Haya. Wembe ni wa nani?

Mwana Chumbageni
Wa baba mkwe. Alikuwa baharia, aliununua Hamburg. Yuko Dar kwenye matibabu, anarudi Tanga mwisho wa wiki ijayo. Aliniachia kasha zima, akasema "nitunzie". Nikaona nimfanyie jambo zuri, akirudi aukute mkali.

Mpiga Debe
Kwa hiyo ni mali ya mkwe. Wakuu, sogezeni viti.

Ustadh Mtulivu
Ndugu yangu, amana ni amana. Ukiambiwa tunza, unatunza. Hukuambiwa noa. Na huyo mzee umri wake ulipofika angeziachia ndevu tu, ni heshima na ni sunna. Mkwe wangu mimi tangu nimuoe binti yake sijawahi hata kugusa fimbo yake.

Kinyozi wa Zamani
Ustadh, ndevu usiziingize, tutakosa kazi.

Chuma na Moto
Tuache ndevu. Mwana Chumbageni, wembe uliopata makali yakafa baada ya kunyoa mara moja haulilii jiwe. Jiwe likiwa baya unapata makali mabaya tangu mwanzo. Makali yanayopatikana halafu yakakunjika ni chuma kimelegea. Nakuuliza tena, na safari hii usinizungushe: umepita kwenye jiwe la kuzunguka? Grenda, baiskeli, chochote?

*(saa sita baadaye)*

Mwana Chumbageni
Kuna fundi anayepita mtaani na baiskeli, ananoa visu na mikasi, anapiga pedeli jiwe linazunguka. Ulikuwa na pengo dogo karibu na ncha, nikampa aliondoe. Ni sekunde chache tu, na jamaa ni mzoefu, mtaa mzima anamnolea. Pale kwenye ncha kuna rangi kidogo kama bluu. Mke wangu anasema ni mafuta.

Lakini hilo limepita. Na niwe mkweli, yule wa jiwe la Kyoto nimeshamtangulizia laki moja. Kwa hiyo nilichotaka kujua ni namna ya kulitumia likifika.

Chuma na Moto
Siyo mafuta. Chuma cha wembe hupashwa moto hadi kiwe chekundu, kikapozwa ghafla kikawa kigumu kama kioo, kisha hupashwa tena taratibu ili kisivunjike. Kikipata joto lililozidi pale, ugumu unaondoka. Rangi ndiyo inayosema: ikianza njano ya majani makavu bado kuna nafuu, ikifika bluu umeshakaribia nyuzi 300 na kwa wembe hapo pamekwisha. Wembe wa Solingen uliochimbwa mashavu, yaani pande zake zimebonyezwa ndani, makali yake ni membamba kuliko karatasi, joto halina pa kukimbilia. Sekunde chache zinatosha, hasa jiwe likiwa kavu. Kisu cha samaki kingevumilia.

Hakuna jiwe la Kyoto wala la mbinguni litakalorudisha ugumu. Unachoweza ni kuiacha hiyo sehemu ya bluu, au kuila kwa jiwe la mkono polepole hadi ufike chuma kizima. Pima bluu ni milimita ngapi.

Mwana Chumbageni
Kama kucha ya kidole kidogo, nchani tu. Ila yule muuzaji kasema jiwe lake lina muhuri wa machimbo ya Nakayama na wembe wowote unapona.

Sinywi Chai
Wakuu mimi nimekaa pembeni nasoma. ID ina siku tatu. Mtu hajui bluu ni nini lakini Kyoto anaijua, Arkansas anaijua, na Nakayama mpaka muhuri anaujua! Baharia, Hamburg, mkwe mgonjwa, siku kumi. Hii ni chai, tena ya maziwa. Subirini, kesho atakuja mwenzake na ID nyingine aseme "jiwe hilo ninalo, njoo PM". Ni tangazo la mawe.

Mpiga Debe
Nilishaanza kumuonea huruma mzee wa watu 😂

Mama Nasra
Kama ni tangazo basi ni baya, maana tangu aanze kila mtu anamwambia asinunue.

Mwana Chumbageni
Majina nimeyapata kwa muuzaji, kanitumia sauti ndefu WhatsApp. Sina jiwe la kuuza. Ningekuwa nauza, ningewaambia kwamba kwenye kasha la mzee mlikuwa na jiwe jingine? Lile sikulitaja kwa sababu ni bovu: juu njano kama siagi, chini jeusi lenye zambarau, na kipande chake kidogo kama kiberiti, nikadhani kimevunjika. Mzee alilinunua Antwerp. Liko jikoni, mama watoto ananolea kisu, katikati limeshaliwa.

Wa Liège
Simama hapo hapo. Njano juu, nyeusi chini? Hiyo ni coticule, inatoka Ardennes huku Ubelgiji, upande wa Vielsalm. Mimi nakaa Liège, ni safari fupi ya treni, na pale Salmchâteau kuna makumbusho ya jiwe hilo. Tabaka la njano ni jembamba, ndiyo maana linakuja na jiwe jingine chini yake. Ndani mna chembe ndogo za ganeti, hizo ndizo zinazokula chuma. Vinyozi wa Ulaya walilitumia kabla hujazaliwa, na wewe umelipa laki moja kwa mtu wa sauti ndefu. Hata mihuri ya Kijapani inaghushiwa.

Kipande kidogo hakikuvunjika, ni cha kutengenezea uji. Fanya hivi. Kwanza linyooshe: msasa wa maji juu ya kioo, chora mistari ya penseli juu ya jiwe, sugua hadi mistari yote iishe. Halafu tia maji, sugua na hicho kipande upate uji kama maziwa. Laza wembe, mgongo na makali vyote viguse jiwe, makali yatangulie. Mgongo ndio unaokushikia pembe, usiunyanyue. Nywele za mkono zikianza kukatika bila kusukumwa, dondosha tone la maji, pitisha mara kadhaa, tone jingine, hivyo hivyo hadi yabaki maji matupu. Usiwe na haraka hapo. Uji mzito unakula upesi lakini chembe zake zinayagonga makali, ukiishia kwenye uji utaendelea kulia shavuni. Mwisho ngozi, na kwenye ngozi mgongo ndio unatangulia.

Sinywi Chai
Huyu ndiye mwenzake. Niliwaambia.

Wa Liège
Niko hapa tangu 2014, angalia mwenyewe.

Ustadh Mtulivu
Jiwe la mzee nalo linanoa visu vya samaki. Amana juu ya amana.

Mama Nasra
Kaka, mpigie mkweo simu. Leo. Kabla hajaushika mwenyewe.

*(siku nne baadaye)*

Mwana Chumbageni
Jiwe nimelinyoosha, msasa karatasi tatu zimeisha. Kuanzia shingoni hadi karibu na bluu, wembe sasa unywele ukiugusisha unakatika wenyewe. Nchani hapana, panakunjika vile vile. Muuzaji wa laki moja hapokei.

Nimempigia mzee. Nikaanza na salamu, nikazunguka, mwisho nikasema fundi, baiskeli, bluu. Kimya. Nikadhani simu imekatika. Akauliza, "Na jiwe la njano?" Nikamwambia lipo, limenyooka. Akasema, "Basi huo wembe usiuguse tena, nitaukata ncha mwenyewe. Na mwambie binti yangu atafute jiwe lake la samaki."

Kinyozi wa Zamani
Huyo mzee akifika Tanga nipe namba, nataka kumnyoa.

Sinywi Chai
Picha ya jiwe iko wapi?